Sifuri ya Mulango wa Kijani

Kalemie, kartie Lubuye, tarehe 9 Machi 1986

Kwako Mujomba Évariste, gare ya treni ya Kabalo,

Salamu nyingi kama ndagaa wa mwezi wa giza. Hapa sisi wote wazima, isipokuwa muguu wa Mama Emilie, ule wa kushoto. Unavimba kila mvua ikikaribia, na sasa majirani hawasikilizi tena radio, wanakuja kuuliza muguu. Anakusalimia sana, yeye dada yako mukubwa, na anauliza kama muke wako Mama Agnès na watoto wamepona malaria. Mbuzi wetu amezaa wawili. Mumoja tumemuita Kabalo, juu anakawia kwa kila kitu kama treni zenu.

Sasa tuingie ndani ya kazi.

Nilikuomba unitafutie nafasi kwenye reli. Ukajibu kwamba muntu aliyeacha shule sekondari ya pili aonyeshe kwanza kama anajua kuandika ripoti: nitembee bar za Kalemie moja moja na kukuandikia kila moja ikoje, juu wasafiri wanaokwama hapo Kabalo wanakuuliza kila siku wakifika huku wakanywe wapi. Mujomba! Tangu nizaliwe wakubwa wananituma maji, chumvi na makaa. Wewe njo muntu wa kwanza duniani kunituma pombe. Nilimuonyesha Mama barua yako, akasema umerogwa. Nilimuonyesha rafiki yangu Basile, akanikumbatia, na toka siku ile anajiita sekretari wangu.

Ninatoa pointi kama bulletin ya shule, kwa kumi. Tofauti ni moja tu: safari hii mwenye kalamu ni mimi.

Kwa Papa Hippolyte, Kataki. Baridi ya pombe: 9. Frigo yake ya petroli inanguruma kama muzee aliyelala chali, lakini chupa inatoka na jasho. Viti: 5. Kimoja kina muguu mufupi, na Papa Hippolyte anakikalisha mugeni asiyemupenda. Musiki: 8. Choo: 1, na hiyo moja ni ya mulango, juu choo chenyewe hakipo. Mwenendo: 10, chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Jumla 7.

Bar Bon Retour, karibu na bandari. Pombe vuguvugu kama maji ya kunyolea. Mwenye bar anasema baridi inaharibu meno. Yeye mwenyewe ana meno manne. Jumla 3.

Nganda ya Mama Léontine, bar ya nyumbani, Kifungo. Samaki wa kuchoma 10, pombe 7. Kila muntu anaitwa Direkta. Mimi niliitwa Direkta Jenerali, lakini hiyo haikubadilisha pointi zangu, ao ilibadilisha kidogo. Jumla 8.

Waambie wasafiri wako pia hili: pombe ya Simba inakuja na treni, ya Primus inakuja na meli kutoka Bujumbura. Treni ikikwama tunakunywa Primus. Ziwa likichafuka tunakunywa Simba. Vyote vikikwama tunakunywa lutuku, ile kali ya kienyeji, na kusali.

Barua hii anaibeba Papa Sébastien, kontroleri wa treni. Haina amvulopu ya kuifunga, juu amvulopu iliyokuwa nyumbani Mama ameweka ndani yake mbegu za tomati.

Mwipwa wako mwenye kichwa kizuri,
Inspekta Germain


Kabalo, tarehe 2 Aprili 1986

Mwipwa wangu Germain,

Nimepokea yako. Watoto wamepona, Mama Agnès anashukuru. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni, tumejenga upya. Mupe dada yangu pole ya muguu. Aukandie na maji ya moto na chumvi, asiwasikilize wale wa majani.

Ripoti yako ilifika ikiwa imekwisha kusomwa. Papa Sébastien aliisoma njiani, na mabehewa mawili yalijua habari za meno manne kabla yangu. Halafu mashine ya treni iliharibika hapa, watu wakalala gare siku tatu, wakaniomba niwasomee. Nilipanda juu ya mizani ya mizigo, nikasoma. Mama mumoja mwenye bata alicheka mpaka bata wakamuponyoka, tukawafukuzia kati ya reli. Watu wawili wameinakili kwenye karatasi ya sukari ili waende nayo Kalemie. Kwa hiyo, endelea. Na uandike ukijua kwamba inasomwa.

Ila ripoti yako ina pengo. Hukusema neno juu ya nganda ile iliyo ng'ambo ya kivuko cha reli, upande wa ziwa, yenye mulango wa kijani. Nenda. Andika kama viti vimejaa. Andika kama paa linavuja. Andika kama mwenyewe anaonekana na afya. Ni maulizo ya kawaida ya ripoti, usifikiri zaidi. Na usitaje jina langu huko.

Mujomba wako,
Évariste


Kalemie, tarehe 27 Aprili 1986

Kwako Mujomba wangu, sauti ya Kabalo,

Salamu, na salamu tena. Muguu wa Mama umesikia chumvi yako, umepungua. Mbuzi Kabalo amekula kaptula ya Basile iliyoanikwa, upande wa nyuma wote. Basile alihudhuria salongo ya kusafisha kartie Jumamosi akitembea kinyumenyume mbele ya kiongozi wa kartie, na kiongozi akamusifu kwa heshima.

Mujomba, mimi sasa ni muntu mukubwa. Wasafiri wanashuka kwenye treni na karatasi ya sukari mukononi, wanauliza: "Wapi kwa yule wa kiti cha muguu mufupi?" Papa Hippolyte alitaka kunipiga, kisha akaona watu wanagombania kile kiti wapate kupiga hadithi, akaninunulia chupa. Bon Retour wameweka barafu. Kalamu yangu inapoza pombe! Mwalimu aliyesema sitafika mahali apate hii habari.

Sasa lile pengo lako. Nilikwenda Jumapili kisha misa, mimi na Basile na vijana wengine wanne wa kartie waliotaka kuona Inspekta akifanya kazi.

Mulango wa kijani: kijani kile kile cha mabehewa ya zamani. Nani aliiba rangi ya reli? Chunguza huko kwenu. Viti: vimejaa, watu wasiojua hatari. Paa: sikuangalia. Mwenye nganda: mama mumoja mwembamba, Mama Rosalie, anatazama muntu kama hakimu. Afya anayo, ya kutosha kufukuza.

Baridi: 0. Mwenendo: 0. Na sasa sikiliza vizuri, panda juu ya mizani yako. Ndani ya pipa lake la munkoyo, ile pombe laini ya mahindi, tuliona mujusi. Muzima, anaogelea, ameinua kichwa kama padri ndani ya mutumbwi. Na kuna muvuvi alikunywa lutuku yake Jumamosi; Jumapili alimuamukia mbuzi akidhani ni mama mukwe. Mpaka leo haoni vizuri.

Jumla: sifuri. Sifuri nene, yenye masikio.

Wako asiyeogopa muntu,
Inspekta Jenerali Germain


Kalemie, tarehe 22 Juni 1986

Mujomba Évariste,

Salamu. Treni nne zimefika kutoka Kabalo na Papa Sébastien anashuka mikono mitupu. Nilimuuliza kama uko mugonjwa, akasema hapana, anapeana mikono na wewe kila safari. Basi umenyamaza tu. Mama anauliza kama amekukosea. Nikamwambia Mujomba ana kazi nyingi, mabehewa hayajihesabu yenyewe.

Hapa habari ni nzuri. Samaki wa mukeke wanapatikana. Papa Hippolyte amenipa kiti changu mwenyewe, chenye miguu minne iliyo sawa.

Na ile sifuri, Mujomba, imetembea kuliko mimi. Treni ikipunguza mwendo pale kwenye kivuko, watu wanatoa vichwa madirishani na kupiga kelele: "Mujusi! Mujusi!" Watoto wa pale wamefanya muchezo, mumoja anakuwa mujusi ndani ya beseni, wengine wanakuwa wanywaji. Mwanzo nilicheka. Nilisimama pale na vijana, nikawaonyesha: munaona, kazi yangu hiyo.

Wiki iliyopita nilipita tena, saa tisa hivi, wakati watu wa reli wanatoka kazini na zamani walikuwa wanaingia kwake wakiwa na mafuta mikononi. Viti vyote vilikuwa juu ya meza, miguu hewani. Wanaume wawili walikuwa wanapakia frigo yake kwenye pusupusu ya magurudumu. Yeye aliishika upande mumoja ili isigonge ule mulango. Ilitoka, akapangusa mulango pale ilipougusa, akaingia.

Siandiki hivi juu nina hofu. Ni ripoti tu, uliomba kila kitu.

Umepata lini kunyamaza namna hii, Mujomba? Kama ni kazi ya reli imekosekana, sema. Mimi si mutoto.

Germain


Kabalo, tarehe 13 Julai 1986

Germain,

Salamu kwa dada yangu. Hapa tuko.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu ndiyo ao hapana, bila mchezo. Ule mujusi, ulimuona kwa macho yako?

Évariste


Kalemie, tarehe 3 Agosti 1986

Mujomba,

Mama anakusalimia. Sina habari nyingine za nyumbani, ama ninazo na haziandikiki leo.

Hapana.

Sikumuona mujusi. Sikuona pipa. Sikuingia hata muguu mumoja. Ile Jumapili nilifika mbele, vijana watano nyuma yangu, kola imesimama, daftari kwapani. Yule mama alikuwa mulangoni anafuta mikono. Alinitazama, akauliza: "Wewe mutoto wa nani?" Nikamwambia, wa Mama Emilie wa Lubuye. Akasema: "Toka. Hapa hauuziwi kitu." Bila kelele. Kisha akawaambia wale wengine: "Ninyi karibuni." Mujomba, waliingia! Hata Basile, sekretari wangu! Mimi nilibaki juu ya reli nikijifanya ninahesabu mataruma. Walitoka wanasifu munkoyo, na njia nzima wananiita Inspekta wa Nje. Siku ile nilikaa mezani, nikamuzaa mujusi. Na yule muvuvi, simujui. Niliona tu barua inahitaji muntu.

Barua yako nilikaa nayo siku sita. Siku ya saba nilikwenda.

Mulango ulikuwa wazi. Alikuwa peke yake, anachuja munkoyo katika kitambaa.

"Hodi, Mama."

"Wewe tena, mutoto wa Emilie."

"Mama, mimi njo niliandika mujusi."

Hakusimamisha mikono. "Najua. Sébastien alipita akanisomea, hapa hapa. Alifikiri nitacheka."

Nilimwambia anipige. Nilitafuta hata fimbo kwa macho, nimuletee. Akasema: "Kukupiga ni kazi, na mimi nina kazi." Akachota kopo moja, akaniwekea mezani. "Kunywa. Uandike ile unayoonja."

Nikanywa. Mujomba, ilikuwa munkoyo safi, baridi ya mutungi, tamu kidogo, chungu kidogo mwishoni pale inapotakiwa. Nilikunywa polepole mpaka chini, na nitakuambia kitu cha haya: nilikuwa ninamutafuta mujusi. Niliomba Mungu awemo. Kopo likabaki jeupe.

Nikamuuliza kwa nini alinifukuza ile siku. Akasema: "Nilipoona uso wa ukoo wenu hapa mulangoni, nikasema wamemutuma kuchungulia kama ningali hai. Nilikosea?"

Ulisema nisitaje jina lako. Lakini uso wangu ulikwisha kukutaja.

Akauliza: "Na kule Kabalo, nani anawasomea watu?"

Nikasema, Mujomba Évariste.

Hapo njo mikono ilisimama. Kitambaa kilidondosha maji juu ya miguu yake na hakukivuta.

"Mwenyewe? Kwa sauti yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Alicheka?"

Nikasema sijui, sikuwepo.

"Muulize."

Kisha akaniambia mulango ule ulipakwa na nani, mwaka wa sitini na nane, kwa rangi iliyobaki kwenye ndoo ya atelie ya reli. Akaniambia nyumba ile ilikuwa ya nani na ya nani. Mimi nilikuwa mutoto wa kubebwa mugongoni, na mugongo wenyewe ulikuwa wake. Nyumbani hakuna aliyepata kulitaja lile jina, hata siku moja. Nilirudi nikamuuliza Mama: "Rosalie ni nani kwetu?" Muguu haukuwa umevimba, lakini alikaa chini.

Kwa nini hukuniambia, Mujomba? Ningeandika vingine. Ama ningesema kweli tu, kwamba nilifukuzwa. Wewe ulinituma kwenye mulango wako mwenyewe kama muntu anayetuma mbwa kunusa.

Nisamehe neno la mbwa. Halafu usilifute.

Alisema nikuulize. Nimekuuliza.

Germain


Kabalo, tarehe 31 Agosti 1986

Mwipwa wangu Germain,

Salamu kwako. Kwa dada yangu nitasalimia mwenyewe, uso kwa uso.

Nilicheka.

Ilikuwa tarehe mbili Mei, muchana, watu zaidi ya mia moja kwenye kivuli cha gare, treni inangojea mashine. Nilikuwa juu ya mizani. Sikuwa nimeisoma kwanza, nilitaka nicheke pamoja nao. Nilipofika kwenye mulango wa kijani nikasoma haraka nijue kama paa linavuja. Nikakuta mujusi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mumoja akasema: "Ongeza sauti, Chef!" Nikaongeza. Nilisoma mujusi mara mbili, na mara ya pili nikainua kichwa changu, hivi, kama vile ulivyoandika, ili wamuone. Ningenyamaza, wangeniuliza kwa nini. Ningesema huo ni uongo, wangeniuliza umejuaje. Niliona rahisi kucheka. Toka siku ile kalamu ilinishinda miezi miwili.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Sasa ujue. Rosalie alikuwa muke wangu miaka sita. Mutoto hakuja. Wazee wa kwetu wakaanza maneno, na mama yako pamoja nao, mimi nikawa kimya kama muntu aliyekubali. Mwaka wa sabini reli ikanihamishia hapa. Asubuhi ya safari alinifungia bugali na samaki ndani ya jani, nikamwambia: nikipata nyumba nitakuandikia, utakuja na treni. Nyumba niliipata kisha wiki mbili. Sikuandika. Hakuna aliyekwenda kwao kuzungumza, hakuna aliyemwambia yuko huru wala yuko wangu. Alibaki hivyo. Kisha nikasikia kwa wasafiri kwamba kuna nganda, mulango wa kijani, munkoyo mzuri. Kila aliyeshuka kutoka Kalemie nilitamani kumuuliza na sikuuliza. Nikapata wewe na kalamu yako, nikafanya ujanja wa ripoti.

Jumapili iliyopita treni ilikwama tena. Watu wakapiga kelele: "Chef, ya Inspekta!" Nikapanda juu ya mizani na barua yako ya tarehe tatu. Nikasoma yote. Nilipofika kwenye "alicheka?" hakuna aliyecheka. Muntu mumoja wa Manono, mwenye baiskeli, akauliza: "Huyo Évariste ni nani?" Nikavua kofia ya reli, nikasema ni mimi. Wakatazama chini. Ni afadhali wangenizomea.

Mama Agnès alikuwa pale amebeba chakula changu. Alingoja mpaka watu wakatawanyika. Akasema: "Miaka yote hii treni ya Kalemie ikifika unatoka mbio kuliko ya Kamina. Nilifikiri ni kazi." Akaniwekea sahani. "Nenda ukamalize hayo maneno. Halafu urudi."

Nitapanda treni ya kufika Kalemie Alhamisi tarehe 18 Septemba. Usimwambie.

Hapana. Mwambie. Kama hataki, nisimame kwenye kivuko niongee na mulango.

Évariste


Kalemie, tarehe 14 Septemba 1986

Kwako Mujomba Évariste,

Salamu. Umeona hii barua ina amvulopu. Mbegu za tomati zimepandwa. Nimeifunga na bugali ya jana, kuzunguka pande zote, na nimemwambia Papa Sébastien kwamba nikikuta alama ya kucha nitamupa pointi yeye pia. Amekasirika. Anasema kama barua zinafungwa, reli imekufa.

Mbuzi wote wazima. Mama Emilie alikaa siku mbili bila kusema neno, jambo ambalo madaktari wa Kalemie hawajapata kuliona. Siku ya tatu alivaa kitenge cha sikukuu, akatembea na muguu wake mpaka kwenye kivuko. Nilimufuata kwa mbali. Alisimama ng'ambo ya reli, anatazama ule mulango. Mama Rosalie alitoka kumwaga maji, wakaonana. Mama akarudi nyumbani. Jana amekwenda tena, amefika karibu zaidi. Bado hajaingia. Ninahesabu mataruma kati yake na mulango: mara ya kwanza yalibaki kumi na mawili, jana manne.

Ripoti ya kweli ya mulango wa kijani, niliyoiandika nikiwa ndani, nimekaa.

Munkoyo: 9. Ningetoa 10, ila mwenyewe amekataa, anasema kumi inaleta uvivu. Viti: viko sita, vizuri, vitano vitupu. Watu watatu wa ile treni uliyoisomea waliingia wiki hii. Mumoja aliomba "ile ya bila mujusi" na akanywa makopo manne. Wa reli wa hapa hawajarudi. Mumoja aliniambia anajua nilidanganya, lakini akiliona pipa roho inakataa. Nilimuapia. Akasema: "Najua, Germain. Lakini unajua kuandika vizuri." Neno hilo nimelala nalo. Baridi: hakuna, frigo imekwenda na hairudi. Paa: linavuja mahali pamoja, juu ya meza ya pembeni, nimepanda, nimeweka bati, sasa linavuja mahali pawili. Mwenye nganda: afya anayo. Anakohoa asubuhi. Nywele zimeanza kuwa nyeupe upande mumoja. Hilo njo ulitaka kujua toka Aprili, si ndiyo? Ungeuliza tu.

Kazi ya reli usiniombee kwanza. Ninamuoshea mapipa kila siku saa sita. Hanilipi, na sikuomba. Basile anakuja kunitazama na kuniita Inspekta wa Ndani.

Sasa lile lako. Nilimusomea barua yako, mulango umefungwa. Pale uliposema "nilicheka" aliniambia nirudie, nikarudia. Pale pa kuinua kichwa aliniambia nimuonyeshe, nikainua kichwa, hivi. Halafu, Mujomba, alicheka yeye. Kidogo. Sijui kicheko hicho kilikuwa cha nini na sikuthubutu kukipa jina.

Nikajikaza. Nikasema: "Mama, mimi bado ni inspekta. Mujomba Évariste unamupa ngapi kwa kumi?"

Alifikiri kuliko mwalimu wa hesabu. Alikunja kile kitambaa cha kuchujia, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akataja namba.

Ninaijua. Basile alitaka kuinunua na chupa mbili za Simba, za baridi, kwa Papa Hippolyte. Nilikataa, wewe unanijua, chupa mbili! Na hapa siiandiki. Bugali inaweza kubanduka njiani, na nimekwisha kuona namba yangu moja inafika wapi ikisomwa na kila muntu.

Alisema viti vya wateja viko wazi kwa wateja wote. Anafungua saa tisa. Alhamisi uje, ukae, ununue kopo lako kama wengine, umuulize mwenyewe.

Mwipwa wako,
Germain